Kuiba Simu Miaka 3, Kuinunua Miaka 14

Wasee wa Busia na Malaba, hebu tupige hesabu. Ukiiba kitu dukani, kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kukufunga hadi miaka 3. Lakini ukipokea simu ukijua imeibwa, au ukiwa na sababu ya kuamini hivyo, kifungu cha 322 kinafika miaka 14. Eeh, soma tena. Wazo lake ni rahisi: bila mnunuzi, mwizi hana soko.

Sasa mbona hapa kwetu simu ya bei ya kutupa haishtui mtu? Historia. Hadi 1902 upande huu wetu ulihesabiwa Uganda. Waingereza wakahamisha mpaka, Wateso wakajipata pande mbili, na mzigo uliokuwa wa kawaida ukawa magendo. Halafu 1975 baridi kali ikaunguza kahawa ya Brazil. Bei ikapanda dunia nzima, na kahawa iliyotoroshwa kutoka Uganda ya Idi Amin ikatajirisha watu huku. Ndiyo maana wazee wakisimulia magendo, wanacheka. Ni hadithi ya ujanja.

Shida ni kwamba hadithi hiyo husimuliwa na waliofaulu. Wakati wa ukoloni, kijana aliyeshikwa alichapwa viboko kwa amri ya korti, na adhabu hiyo ilifutwa Kenya 2003 tu, juzi juzi. Wengine walipelekwa Borstal ya Shikusa, Kakamega, ambayo bado iko.

Kwa watoto, sheria imelainika kweli. Zamani mtoto wa miaka 8 angeweza kushtakiwa. Sheria ya Watoto ya 2022 ikasukuma hadi 12. Katiba ya 2010 inasema mtoto afungiwe pale tu njia zingine zimeisha, tena kando na watu wazima. Kosa dogo linaweza hata kumalizwa nje ya korti, kwa kuomba msamaha na kulipa hasara.

Lakini huo ulinzi nao una mpaka: miaka 18. Ukiuvuka, hakuna kurudi. Wewe wa boda unayeitwa usiku kuvusha mzigo, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaweza kukupa hadi miaka 5 kwa bidhaa zisizolipiwa ushuru, au faini ya nusu ya thamani yake, au zote mbili. Mwenye mzigo atakuwa amelala kwake.

Na hata ukitoka, kuna ile karatasi ya tabia njema ya DCI ambayo waajiri wanaitisha. Wazee wetu wa kahawa hawakuitishwa. Sisi tunaitishwa hata kwa kazi ya kulinda geti.

Kwa hivyo ukiuziwa simu bila risiti wala boksi, usiulize ni pesa ngapi. Uliza ni miaka mingapi.