Nyumba ya Mayembe: Makumbusho na Sanaa Katika Mji wa Makerere

Kampala ni mji wa vilima, na kilima cha Makerere ndicho kilichoupa sifa ya kuwa mji wa wasomi. Chuo kilianzishwa hapo mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na kwa miaka mingi vijana wa Kenya, Tanganyika na Zanzibar walikwenda huko kutafuta elimu ya juu. Mwalimu atakayejaliwa kuuzuru mji huo asikose kuingia katika nyumba mbili: Makumbusho ya Uganda na Jumba la Sanaa la Makerere. Historia zao zimefungamana.

Makumbusho yalianza mwaka 1908, na makao yake ya awali yalikuwa ngomeni, Kampala ya Kale. Wenyeji waliyaita Enyumba ya Mayembe. Mayembe hayo si maembe ya kuliwa, bali ni pembe zilizoaminiwa kuwa na nguvu za mizimu. Jina hilo lina funzo: vitu vilivyokuwa na makao na watunzaji wake vilikuwa vimewekwa ndani ya ngome ya watawala, navyo viliogopwa humo kama vilivyoogopwa vilikotoka.

Katika miaka ya 1940 makumbusho yalihamishiwa Makerere, chini ya uangalizi wa Bibi Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa chuoni. Hivyo kazi za wahenga na kazi za vijana zikawa jirani. Kati ya wanafunzi wake walikuwamo Gregory Maloba wa Kenya na Sam Ntiro wa Tanganyika, ambao baadaye walifundisha hapo hapo. Mnara wa Uhuru uliosimamishwa Kampala mwaka 1962 ni kazi ya Maloba.

Mwaka 1954 makumbusho yalipata jengo lake la sasa huko Kitante, lililosanifiwa na Ernst May. Msimamizi wake, Klaus Wachsmann, alikuwa mtaalamu wa muziki. Hakuridhika ngoma na zeze zitundikwe ukutani zikiwa bubu. Alimwajiri Evaristo Muyinda, mwanamuziki aliyepata kupiga katika jumba la Kabaka, azipigie wageni. Aliyewahi kuogopa nyumba ya mayembe sasa aliweza kusikia humo sauti aliyoijua tangu utotoni.

Hata hivyo, si vyote vilivyokuwa nyumbani. Masalio ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalikuwa yamechukuliwa na mmisionari John Roscoe na kupelekwa Cambridge. Yalirudishwa mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru. Mwaka 2024 chuo kikuu hicho kilirejesha vitu vingine 39, lakini kwa mkopo wa miaka mitatu. Yafaa tujiulize: je, mwenye mali hukopeshwa mali yake?

Hata jengo lenyewe halikusalimika na hatari. Mwaka 2011 palikuwa na mpango wa kulibomoa ili kupisha jumba refu la biashara. Wananchi waliupinga hadi mahakamani, na jengo lingali limesimama. Wajukuu wa wale walioliogopa jina la mayembe ndio waliosimama kuitetea nyumba yake.

Basi mwalimu awapelekapo wanafunzi huko, asiwaache wanakili majina ya vitu tu. Awaulize kila kitu kilitengenezwa na nani, kilitumiwaje, na kilifikaje hapo.