Chembe cha moyo si punje ya moyo

Juzi nilimsindikiza jirani yangu, nyanya mzaliwa wa Lamu, hospitalini hapa Nairobi. Daktari kijana akamuuliza anaumwa wapi. "Mwanangu, chembe cha moyo kinanikata," akajibu. Kijana akanigeukia mimi. "Prof, anamaanisha seli za moyo?" Akaagiza moyo upimwe. Ulikuwa mzima. Kumbe ni vidonda vya tumbo, na viligunduliwa kesho yake, baada ya daktari mwingine kumwambia nyanya aonyeshe kwa kidole.

Simlaumu sana yule kijana. Shuleni alifunzwa kwamba chembe ni kitu kidogo mno: chembe hai, chembechembe za damu. Lakini kuna silabi moja iliyompita. Nyanya hakusema "chembe ya moyo". Alisema "chembe cha moyo".

Chembe yenye maana ya punje ni ya ngeli ya I-ZI: chembe ya mchanga, chembe za mchele. Ile ya nyanya ni ya KI-VI, wingi wake vyembe, na maana yake ya asili ni kichwa cha mshale, kile chuma chenye ncha. Tunajua kwamba ki- ikikutana na shina linaloanza kwa irabu huwa ch-, ndiyo maana tuna chumba na vyumba, chombo na vyombo. Sasa iondoe hiyo ch-. Unabaki na -embe, shina lile lile la wembe na jembe. Ukoo mzima wa vyuma vyenye makali!

Hebu shusha kidole katikati ya kidari, juu ya ule mfupa bapa unaoshikilia mbavu. Mwisho wake utagusa kijincha, kisha bonde laini. Ujanani kijincha hicho huwa gegedu, halafu hugeuka mfupa polepole mtu akikomaa. Naamini waliokipa jina walikiona kimechongoka kama mshale, na baadaye jina likateremka hadi bondeni. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, analitaja bonde hilo.

Wagiriki nao walitazama pale pale wakaona upanga. Jina la kitaalamu la kijincha hicho linatokana na xiphos, yaani upanga kwa Kigiriki, na sehemu ya juu kabisa ya kidari huitwa kwa Kilatini manubrium, maana yake mpini. Silaha tu, kwao na kwetu.

Lakini mbona moyo, ilhali kinachouma ni tumbo? Katika Kiswahili moyo haujawahi kuwa pampu ya damu tu. Mtu akikwambia moyo unamchafuka, mletee karai, anataka kutapika. Kwa Wagiriki wa kale kardia lilikuwa moyo, na pia mdomo wa tumbo, pale chakula kinapoingilia. Madaktari wangali wanauita mdomo huo kwa jina hilo hadi leo. Kwa hiyo yule kijana analitumia neno la moyo kwa tumbo kila anapoandika ripoti, ila kwa Kigiriki.

Wapo wanaodai kidari ni neno la buchani, la kuku na ng'ombe, na kwamba binadamu ana "mfupa wa kifua". Sikubaliani nao. Mbavu nazo ni mifupa ya kifua, sasa tunazungumzia upi? Kidari kiwe mfupa wote, na chembe cha moyo kiwe ncha yake na lile bonde, kama watu wa pwani wanavyosema.

Katika huduma ya kwanza, anayefufua mtu ambaye moyo wake umesimama hukandamiza nusu ya chini ya kidari bila kukandamiza ncha, kwa sababu inaweza kuvunjika na kuumiza ini. Nilimsikia mkufunzi mmoja akihangaika, "Usibonyeze ile kitu ya chini, hapa, hapa!" huku akijigonga kifuani. Nyanya angemtajia jina.