Farasi wa Stubbs na Farasi wa Hiroshige

Mchoraji George Stubbs, mwana wa fundi wa ngozi wa Liverpool, alijifungia shambani Horkstow, Uingereza, mnamo 1756 kupasua farasi. Alijaza nta kwenye mishipa, akauning'iniza mzoga usimame kama mzima, kisha akauchuna tabaka kwa tabaka, huku akichora, hadi mifupani. Wachongaji wa shaba walipokataa kuichonga michoro hiyo, aliichonga mwenyewe. Kitabu cha michoro hiyo kikatoka 1766. Kwenye bamba la shaba mstari ni mfereji: hujazwa wino, uso wa bamba hufutwa, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa mpaka iunyonye. Ndiyo maana msuli wa shingo ya farasi wake ni mistari myembamba inayosongamana penye kivuli na kuachana penye mwanga.

Uaminifu huo kwa mwili wa mnyama una uzito, kwa kuwa chapa huzaa nakala nyingi, na kosa lake huenea nazo. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer hakumwona kifaru aliyefikishwa Lisbon mwaka 1515. Kwa kutegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine, katika chapa yake alimvika deraya na kumwongezea kipembe mgongoni. Ulaya ikamwamini kifaru huyo kwa zaidi ya karne mbili.

Huko Edo, Japani (Tokyo ya leo), mchoraji Hiroshige alichora tu; kuchonga na kuchapa kulikuwa kazi ya wengine. Mchongaji alibandika mchoro juu ya ubao wa mcheri, akachimba pasipotakiwa wino, mstari ukabaki umeinuka. Rangi nazo zikachongewa mbao zake. Mchapaji alipaka rangi ya maji na kusugua karatasi kwa mkono. Katika chapa yake ya Naito Shinjuku ya 1857, farasi wa mizigo anaonekana kwa nyuma tu: makalio, miguu yenye viatu vya majani makavu, kinyesi barabarani. Kichwa hakimo, na bado tunaujua uchovu wake.

Kwangu mimi, hapa Hiroshige anamshinda Stubbs. Farasi wa Stubbs ni sahihi kila unyuzi, lakini ni maiti. Wa Hiroshige yuko kazini. Tena ushindi huo si wa Hiroshige peke yake. Rangi ya anga inayofifia polepole ilitegemea mkono wa mchapaji uliofuta ubao kabla ya kila nakala, na mara nyingi jina lake halikuandikwa popote. Wanaouza chapa za farasi na wanyamapori leo waandike, kando ya jina la mchoraji, nani alichonga na nani alichapa.