Upimaji wa betri na chaji ya pikipiki

Upimaji wa betri na chaji ya pikipiki kwa voltimita hutenganisha ubovu wa betri na ubovu wa mfumo unaoichaji. Mkoani Mara, Tanzania, hufanywa na mafundi wa bodaboda wa Musoma, Bunda na Butiama, wengi wakiita chombo hicho mita tu.

Betri ikiwa imetulia

Betri ya risasi ya volti 12 ina seli 6, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi. Pikipiki ikishalala usiku mzima, mita huwekwa DC, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Volti 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.0 imekaribia kuisha. Kipimo cha pikipiki iliyotoka barabarani sasa hivi hudanganya kwa kusoma juu. Hapo taa kubwa huwashwa kwa dakika moja au mbili, ikazimwa, ndipo betri ikapimwa. Kisha stata hubonyezwa: volti zikiporomoka chini ya 9.5, betri imechoka, hata kama awali ilisoma vizuri.

Injini ikiunguruma

Hiki ndicho kipimo chenye faida zaidi, na ndicho kinachorukwa na fundi mwenye haraka ya kuuza betri mpya. Moto, yaani mzunguko wa injini, ukipandishwa kiasi, vichwa vya betri visome volti 13.5 hadi 14.5. Zikibaki 12 na ushee na kushuka taa inapowashwa, chaji haifiki. Zikizidi 15, rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji, imeshindwa kuzizuia: maji ya betri huchemka na globu huungua ovyo. Kabla ya kununua rektifaya hukaguliwa kutu kwenye vichwa, soketi iliyoungua na waya wa ethi. Mtindo wa kuchomoa betri injini ikiwaka ili "kuona kama inachaji" ni mbaya. Volti huruka ghafla na kuua vifaa.

Koili

Chaji isipofika, soketi ya koili inayozalisha umeme huchomolewa, mita ikawekwa AC. Volti zipande kadiri moto unavyopanda.

Mkoani Mara

Kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa malipo nchini. Boxer na TVS za India ndizo zilizozoeleka, na kwa kuwa zina kiki, betri inayokufa hufichika muda mrefu. Safari fupi za mjini Musoma, zenye kuzima na kuwasha kila kituo, huila betri kuliko mwendo mrefu wa Bunda, mji ulio kwenye barabara kuu ya Mwanza–Sirari. Redio na taa za urembo huongeza mzigo ambao koili haikutengenezewa.

Historia

Gaston Planté wa Ufaransa alibuni betri ya risasi mwaka 1859. Betri za lithiamu za pikipiki za umeme zina vipimo vyake, wala hazifuati namba za hapa.