Blackjack: sheria ndogondogo za mezani zinavyokula hela yako



Juzi kati nilikuwa kafe, jamaa wa kompyuta ya pembeni anacheza blackjack ya pointi, ile ya bure. Akaniambia, "Huu mchezo nshauelewa kaka, nikipata mtaji tu naingia kasino ya ukweli." Nikamuuliza, meza yako inalipa 3 kwa 2 au 6 kwa 5? Akabaki ananitolea macho. Ndo nikaona niandike hii.

KASINO INAPATAJE FAIDA?

Kwenye blackjack unashindana na mgawa karata, sio na wachezaji wenzako. Anayeikaribia 21 bila kuizidi ndo mshindi. Karata zako mbili za kwanza zikiwa A na yenye thamani ya 10 (10, J, Q au K), hiyo ndo blackjack yenyewe, na unalipwa zaidi ya dau lako.

Sasa ujanja uko hapa: wewe unacheza kwanza. Ukizidisha 21 hela imeenda, hata kama mgawa karata naye atazidisha baadae. Sote wawili tumeharibu, ila anayelia ni mimi peke yangu. Humo ndo kasino inamokula.

Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha hesabu ya namna bora ya kucheza kila karata. Ukiifuata bila kukosea, meza nzuri ya pakiti 6 inakula kama asilimia 0.4 tu, yaani senti 40 kwa kila dola 100 unazoweka. Ukicheza kwa kubahatisha inakula zaidi ya hapo.

SHERIA ZA KUANGALIA

Hizi asilimia ni za makadirio, na zinachukulia kwamba unacheza kwa hesabu sahihi.

1. Malipo ya blackjack. Hii ndo baba lao. Dau la dola 10, meza ya 3 kwa 2 inakupa dola 15, ya 6 kwa 5 inakupa dola 12. Wengi wanasema "si dola 3 tu?" Blackjack inakuja mara moja kwenye raundi 21 hivi. Faida ya kasino inaongezeka asilimia 1.4 karibu. Wakikulipa sawa na dau lako tu, inaongezeka zaidi ya asilimia 2.

2. Mgawa karata akiwa na A na 6. Hiyo ni 17 laini, maana A inaweza kuwa 11 au 1. Akilazimika kusimama, nafuu kwako. Akiongeza karata, kasino inapata asilimia 0.2 zaidi.

3. Kuongeza dau mara mbili. Ukiruhusiwa kwenye 10 na 11 tu, umepoteza asilimia 0.2 hivi. Ukiruhusiwa hata baada ya kutenganisha karata mbili zinazofanana, unarudisha 0.14.

4. Kujisalimisha. Unaacha nusu ya dau na kutoka. Inakupunguzia asilimia 0.08 hivi.

5. Idadi ya pakiti. Pakiti moja ni bora kuliko 8 kwa karibu asilimia 0.5, sheria nyingine zikiwa zilezile.

Hapo kwenye namba 5 ndo kuna changa la macho. Las Vegas, kuanzia miaka ya 2000, meza nyingi za pakiti moja zililetwa na malipo ya 6 kwa 5. Mtu anaona "pakiti moja" anakimbilia, kumbe anachookoa upande huu kinachukuliwa zaidi ya mara mbili upande wa pili.

WALISHAWAHI KUGOMEWA

Mwaka 1962 Edward Thorp alitoa kitabu cha kuonyesha jinsi ya kuishinda kasino kwa kuhesabu karata. Kasino za Las Vegas zikaingia uoga, Aprili 1964 zikabana sheria: kuongeza dau mara mbili ni kwenye 11 tu, na A mbili hazitenganishwi. Wateja wakahama meza. Baada ya wiki chache tu sheria za zamani zikarudishwa. Lakini 6 kwa 5 ilipokuja, watu wengi waliendelea kukaa. Sheria ya kukunyima kitu unaiona, ya kukupunja kidogo huioni.

HESABU YA MFUKONI

Tuseme unacheza raundi 70 kwa saa, dola 10 kila moja. Jumla umeweka dola 700. Meza nzuri inakula kwa wastani kama dola 2.80 kwa saa. Ileile ikilipa 6 kwa 5, zaidi ya dola 12. Ongeza na mgawa karata wa kuongeza kwenye 17 laini, inakaribia dola 14. Mchezo uleule, karata zilezile, gharama mara tano!

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, soma maandishi ya kwenye kitambaa cha meza, au ukurasa wa sheria kama ni mtandaoni. Na kumbukeni, hata hiyo meza nzuri bado ni ya kasino. Asilimia 0.4 ni ndogo, ila haijawahi kuwa yako. Mtaji wa biashara hauwekwi pale. Na kama hujafika miaka 18, chukulia hii kama hesabu ya darasani tu.

Jamaa wa kafe aliangalia sheria za mchezo wake wa pointi. Ulikuwa 6 kwa 5.

Nawasilisha. Mwenye swali au nyongeza aweke hapo chini.