Kutoka Kikundi cha Redio hadi Skrini: Lugha katika Historia ya Nyenzo Shirikishi za Vyuoni Tanzania

Utangulizi

Mwanafunzi aliyekulia Moshono, kata iliyo upande wa mashariki wa jiji la Arusha, mara nyingi hufika chuoni akiwa amepitia lugha tatu: Kiarusha au Kimeru cha nyumbani, Kiswahili cha shule ya msingi na Kiingereza cha sekondari. Katika taasisi za elimu ya juu zilizo jirani naye, kama vile Chuo cha Uhasibu kilichopo Njiro na Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, lugha rasmi ya kufundishia ni Kiingereza. Hivyo, anapofungua somo la kidijitali, zoezi, mrejesho na ukumbi wa majadiliano humtaka ajibu kwa lugha ambayo haitumii anapobishana na wenzake nje ya darasa.

Usanifu wa nyenzo hizo kwa kawaida hujadiliwa kama suala la vifaa: kompyuta, umeme na kasi ya intaneti. Makala haya yanadai kwamba historia ya Tanzania inaonyesha jambo jingine. Nyenzo haiwi shirikishi kwa sababu ina vitufe vya kubonyeza. Huwa shirikishi pale inapomwezesha mwanafunzi kujibu, kuuliza na kupinga. Uwezo huo hutegemea lugha.

Kikundi na redio, 1971–1984

Ushirikishi wa kielimu ulitangulia kompyuta. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni za redio za Wakati wa Furaha mwaka 1971 na Mtu ni Afya mwaka 1973. Katika kampeni ya pili, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa, na takriban watu milioni mbili walishiriki. Utaratibu wake unastahili kuangaliwa kwa makini. Wanakikundi walisikiliza kipindi, wakasomewa sehemu ya kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua hatua ya kuchukua, kwa mfano kuchimba choo au kufyeka vichaka kuzunguka nyumba.

Redio yenyewe haikuweza kusikia jibu la msikilizaji. Ushirikishi haukuwa ndani ya chombo. Ulikuwa ndani ya kikundi, nao uliwezekana kwa kuwa kipindi, kijitabu na mjadala vilitumia lugha moja, Kiswahili.

Mbinu hiyo iliingia katika mafunzo ya ualimu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, vyuo vilivyokuwapo havikutosheleza mahitaji ya walimu. Kati ya mwaka 1976 na 1984, zaidi ya walimu 35,000 walifuzu kwa njia ya masafa, wakifundisha huku wakisoma kwa maandishi ya posta, vipindi vya redio na usaidizi wa wakufunzi wa karibu. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, hasa maandalizi ya haraka. Lakini kutokuelewana kwa lugha kati ya somo na msomaji hakukuwa miongoni mwazo.

Kompyuta na lugha, 1997–2005

Mwaka 1997 Chuo Kikuu Pepe cha Afrika kilianzishwa kama mradi wa Benki ya Dunia, kabla ya makao yake makuu kuhamia Nairobi mwaka 2002. Mihadhara kutoka vyuo vikuu vya ng’ambo ilirushwa kwa setilaiti, na baadaye moduli za mtandaoni zikaandaliwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo. Teknolojia ilikuwa imepiga hatua mbele ya redio, lakini nafasi ya mwanafunzi kujibu kwa lugha aliyoimudu ilikuwa imerudi nyuma.

Jibu la wanalugha na wanateknolojia lilikuwa kutafsiri. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba istilahi za kompyuta zinawezekana, ingawa mvutano kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi uliendelea. Hata hivyo, kutafsiri vitufe si kusanifu somo. Kipanya na faili vinaweza kuwa na majina ya Kiswahili huku mhadhara na mtihani vikibaki katika Kiingereza.

Tofauti hiyo huonekana katika zoezi dogo tu. Mwanafunzi aliyejifunza usanisinuru na msuguano katika shule ya msingi hukutana sekondari na istilahi za Kiingereza kana kwamba ni dhana mpya. Mrejesho wa kidijitali unaomwambia tu kuwa amekosea humwacha palepale. Mrejesho unaoiunganisha istilahi ya Kiingereza na dhana aliyoijua kwa Kiswahili hutumia maarifa ambayo tayari anayo.

Kurejea kwa kikundi

Dalili za mwelekeo mwingine zipo. TESSA, ushirika ulioanza mwaka 2005 na unaojumuisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, una nyenzo huria za elimu ya ualimu kwa Kiswahili pia. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, nao unaunganisha moduli za mtandaoni na jumuiya za ujifunzaji shuleni, ambamo walimu hukutana kujadili walichosoma. Muundo huo unafanana na kikundi cha mwaka 1973.

Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba Kiingereza ni lazima kwa mhitimu atakayesoma utafiti wa dunia. Dai hilo ni la kweli, lakini halijibu swali la usanifu. Nyenzo inaweza kumfikisha mwanafunzi kwenye matini ya Kiingereza na bado ikamruhusu kuuliza, kukosea na kufafanua kwa Kiswahili. Vinginevyo, kijana wa Moshono atabonyeza kila kitufe anachoelekezwa, mfumo utaandika kwamba ameshiriki, na hatakuwa amesema lolote. Wasikilizaji wa Mtu ni Afya hawakuwa na kitufe hata kimoja, lakini walisema.