Wabajuni wa Kudha na Usawa Mbele ya Sheria

Kusini ya Kismayo, katika pwani ya Somalia, kuna safu ya visiwa: Koyama, Chovai, Chula, Kudha na vinginevyo. Wenyeji wake ni Wabajuni, wavuvi na mabaharia, ambao husema Kibajuni, lahaja mojawapo ya Kiswahili cha kaskazini. Katika makala haya twakusudia kutazama jinsi sheria ilivyowaahidi usawa, na jinsi ahadi hiyo ilivyotimizwa.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, Kismayo na visiwa hivyo vikiwamo. Faza na Kiunga zikabaki Kenya. Hivyo watu wa lugha moja wakatengwa na mpaka ambao hawakuuweka wao.

Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, katiba yake iliwapa raia wote haki sawa pasipo kubagua asili wala lugha. Katiba ya 1979 ikarudia ahadi hiyo. Katikati ya miaka hiyo, Oktoba 1972, Kisomali kilipewa hati ya Kilatini, kikafanywa lugha ya serikali, kisha ya kufundishia shuleni. Hatulilaumu jambo hilo, maana Kisomali nacho kilikuwa kimekaa muda mrefu chini ya Kiitaliano na Kiingereza. Lakini mtoto wa Kudha alifundishwa kwa lugha isiyokuwa ya mama yake. Alihesabiwa sawa na wenziwe, ilhali hakuanzia mahali pamoja nao.

Serikali ilipoanguka mwaka 1991, kila mtu alikimbilia ulinzi wa ukoo wake. Wabajuni hawakuwa na ukoo wenye silaha. Wengi walifukuzwa visiwani wakavuka bahari hadi Kenya. Hapo ilidhihirika kwamba haki isiyo na mahakama ya kuishika haimkingi mtu.

Mwaka 2000, katika mkutano wa Arta, Djibouti, ulikubaliwa mpango wa kugawana madaraka: koo kuu nne zipate fungu zima kila moja, na jamii nyingine zote, Wabajuni wakiwamo, zipate nusu fungu kwa pamoja. Katika Bunge la 2012 lenye viti 275, kila ukoo mkuu ulipata viti 61. Jamii hizo zote zilipata 31. Na mwaka huo huo Katiba ya Muda ilitangaza kwamba raia wote ni sawa bila kujali ukoo wala lahaja, na kwamba dola itaziendeleza lahaja za walio wachache. Kwa kalamu raia alikuwa mzima. Kwa hesabu alikuwa nusu.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi walimu wa Kiswahili hatuna mahakama, lakini tunalo darasa. Tusimcheke mwanafunzi asemaye Kibajuni, wala tusimwambie kuwa lugha yake ni Kiswahili kilichoharibika. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumembagua kabla sheria haijamfikia.